Mnunuzi anataka kununua miti yetu kwa kukisia, tumjibu nini?

Katibu wa Kamati, Kilwa

Wadau, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja huku Kilwa, ndani kabisa. Huu ni mwaka wa nne tangu mkutano mkuu wa kijiji ukubali tutenge msitu. Mipaka tumeifyeka wenyewe kwa panga, sheria ndogo zimepita wilayani, na mpango wa usimamizi naulaza chumbani kwangu kwa sababu ofisi ya kijiji inavuja.

Doria tunakwenda kila wiki watu sita, wanawake wawili tukiwemo. Posho hakuna. Mwezi wa tisa moto ulitoka kwenye shamba jipya la ufuta ukaingia msituni, tukapambana nao siku mbili na mwenzetu mmoja akaungua mguu. Tangu hapo vijana wawili wameacha kuja. Mmoja aliniambia, "Dada, tunalinda msitu huu kama tunalinda shamba la mtu." Neno hilo halijanitoka.

Sasa amekuja mnunuzi na fedha mkononi. Anataka mpingo na mninga wote wa eneo la kuvuna mwaka huu, kwa mkupuo, bila kupima. Kaingia msituni kama saa mbili hivi, katoka na bei. Mwenyekiti kakubali moyoni, wazee wengi wamekubali, maana zahanati yetu imeezuliwa bati upande mmoja na mvua ziko njiani. Nimeomba siku kumi, wamenipa kwa shingo upande. Aliyepitia haya anisaidie: nawaambiaje watu wenye shida kwamba fedha iliyo mezani isubiri?

Mpima Magogo

Dada, pole kwa moto. Usiwaambie isubiri. Wapimie waone.

Chukua gogo la mita mbili na nusu lenye kipenyo cha sentimita 30. Ujazo wake ni kama mita 0.18, kwa hiyo magogo sita ya namna hiyo ndiyo yanavuka kidogo mita moja ya ujazo. Mtu akisoma 25 badala ya 30, na kwa macho hutaona tofauti, gogo lile lile linashuka hadi mita 0.12. Karibu theluthi ya mali imepotea kwa sentimita tano. Fanya hesabu hiyo ubaoni shuleni, wazee wakiwepo. Mimi nilifanya hivyo kijijini kwetu na mzee aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye aliyeomba kushika utepe.

Jambo jingine, mpingo mkubwa mara nyingi una tundu ndani. Anayenunua kwa kukisia anajua hilo na keshalipunguza kwenye bei yake. Wewe hujui ni mingapi yenye tundu, kwa hiyo hasara yote inakuja kwenu.

Kikole na Kisangi, huko huko kwenu Kilwa, walipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa. Cheti kile hakiendi na kukisia: gogo lazima lijulikane limetoka msitu gani na kisiki gani. Mpingo huo ndio unaotafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Waulize jirani zako wanauzaje kabla hujasaini chochote.

Mzee wa Babati

Mwanangu, nimesoma habari yako nikakumbuka msitu wa Duru-Haitemba, huku kwetu Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi yake. Watu waliposikia, wakaanza kukata haraka haraka, kila mtu akiwahi chake kabla hakijachukuliwa. Ulipokabidhiwa kwa vijiji, vinane kwa hesabu, watu wale wale wakatunga sheria zao na kuweka walinzi wao. Miti haikubadilika, wala watu hawakubadilika.

Kwa hiyo kijana wako aliyesema "shamba la mtu" msikilize sana. Akiuona msitu umeuzwa kwa bei asiyoijua, na wakubwa wachache, ataamini alichosema.

Na wakumbushe wenzako: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu. Mwenyekiti hawezi kuuza kwa kichwa chake. Peleka jambo mkutano mkuu.

Mkulima wa Ufuta, Liwale

Nasema ukweli, hata kama sitapendwa. Mimi ni katika hao wanaofyeka. Ufuta unanilipa msimu kwa msimu, nasomesha nao. Msitu wa kijiji chetu haujawahi kuninunulia mtoto hata daftari, na sijui fedha zake zilikwenda wapi kwa sababu hazikuwahi kubandikwa popote.

Dada, Sheria ya Misitu ya 2002 imewaachia kijiji mapato ya msitu wenu. Basi yabandike ukutani, shilingi kwa shilingi. Na fungu la kwanza liwe posho ya doria na dawa ya yule aliyeungua, kabla ya bati. Najua zahanati inauma. Lakini mlinzi akichoka, mwakani hamtakuwa na cha kuuza, na mimi na wenzangu tutakuwa tumeshafika na majembe.

Katibu wa Kamati, Kilwa

Shikamoo Mzee wa Babati, na asanteni wote. Nimewasomea wanakamati majibu haya.

Juzi tuliingia msituni watu kumi na mmoja, tukapima kona moja tu ya eneo la kuvuna, miti iliyofika kipenyo cha sentimita 24 kwa mpingo kama mpango wetu unavyosema. Kwenye kona hiyo peke yake tumepata ujazo unaokaribia nusu ya ule mnunuzi aliokisia kwa eneo zima. Mwenyekiti alikuwepo. Alikaa juu ya kisiki, akarudia hesabu mara mbili kwenye simu yake, kisha akaniambia nimwandikie mnunuzi kwamba tutauza kwa mita.

Mkulima wa Ufuta, sikukasirika hata kidogo. La kubandika mapato nimeliweka ajenda ya kwanza, na posho ya doria inafuata. La dawa sikungoja mkutano, tumechangishana.

Mkutano ni Alhamisi saa nne. Mpima Magogo, nibakishie jibu moja: mipingo saba mizuri iko ukingoni mwa korongo tunakochota maji kiangazi. Sentimita imefika, lakini mimi sitaki ikatwe. Nyie kwenu mliacha umbali gani kutoka kwenye maji, na mliuandika vipi kwenye mpango wa uvunaji?