Tupeane uzoefu: mgeni wa anime (katuni za Kijapani) aanze na filamu ipi?

Mleta mada
Wadau, kila anayeulizia anime ya kuanzia anatupiwa majina ishirini bila maelezo. Hapa tufanye tofauti: taja filamu, urefu wake, inamfaa nani, na nini kitamkwaza mgeni. Filamu tu, zile za mfululizo za misimu tuziache.

Naanza na My Neighbor Totoro (1988), dakika 86. Hakuna adui wala vita. Watoto wawili wamehamia kijijini na baba yao, mama amelazwa hospitali. Anayesubiri mapambano atasinzia. Anayetaka kujua kwa nini mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, anasifiwa, atulie pale kituo cha basi mvua ikinyesha: maneno karibu hakuna, matone yanadondoka kwenye mwavuli, lile dude kubwa, ndiye Totoro, limekodoa macho kwa furaha ya ule mlio tu.

#2
Tahadhari hapo. Totoro ilitoka Aprili 1988 kwa tiketi moja na Grave of the Fireflies, zote za Studio Ghibli, kampuni ya Kijapani ya katuni. Watu wakiona nembo ileile wanadhani mambo ni yaleyale. Hii ya pili ni ya Isao Takahata, dakika 89: kaka na mdogo wake wa kike, Japani ya 1945, mji wa Kobe umechomwa kwa mabomu, na dakika za mwanzo kabisa zinakuambia wataishia wapi. Usimwekee mtoto. Hata wewe usiiangalie Jumapili usiku.

Kwa hiyo angalia jina la mwongozaji kabla ya studio. Na hata mwongozaji mmoja hubadilika: Princess Mononoke (1997) ni ya Miyazaki yuleyule wa Totoro, lakini ina dakika 134, na mapema tu mshale unakata mikono ya mtu. Marekani waliiwekea PG-13, yaani onyo kwa wazazi wenye watoto chini ya miaka 13.

#3
Kosa linaloua hamu kuliko yote ni kuanza na filamu iliyo kipande cha mfululizo. Demon Slayer: Mugen Train (2020) inaendelea pale sehemu ya 26 ya msimu wa kwanza ilipoishia. Hakuna atakayekueleza kwa nini yule kijana anatembea na dada yake ndani ya sanduku mgongoni. The End of Evangelion (1997) ndiyo mbaya zaidi, bila zile sehemu 26 za TV hutoki na kitu.

Jujutsu Kaisen 0 (2021) unaweza kuiangalia hivihivi, kwa sababu kisa chake kinatokea kabla ya msimu wa kwanza. Ukiona jina la mfululizo, halafu nukta mbili, halafu jina jingine, uliza kwanza.

#4
Kwa mtu mzima anayesema "katuni ni za watoto", mpe filamu za mwongozaji Satoshi Kon. Tokyo Godfathers (2003), dakika 92: watu watatu wasio na makazi wanaokota kichanga usiku wa Krismasi. Hakuna roboti, hakuna mazimwi. Perfect Blue (1997) ina dakika 81 tu, ila ni ya wakubwa kwelikweli, ina mauaji na tukio la kubakwa linaloigizwa mbele ya kamera. Sebuleni na wakwe hapana.

Akira (1988) ni nzuri kwa macho, lakini nusu ya pili inakimbia. Katsuhiro Otomo aliitengeneza huku manga (kitabu cha katuni) yake mwenyewe, ambayo filamu imetokana nayo, bado inaendelea, ikaja kuisha 1990.

#5
Najua Spirited Away (2001) itatajwa na kila mtu kwa sababu ya ile Oscar ya 2003. Mimi naona mgeni asianze nayo. Dakika 125, wazazi wanageuka nguruwe mapema, mtoto anasaini mkataba na mchawi anamnyang'anya jina, na sheria za mahali pale hazielezwi. Aliyezoea adui kupigwa mwishoni atasubiri hadi majina yapite. Kiki's Delivery Service (1989), dakika 103, inakuzoesha Miyazaki kwa kisa chepesi.

#6
Napinga mkuu. Chihiro, yule mtoto wa Spirited Away, mwenyewe haelewi kitu, anajifunza pamoja na wewe. Inayomchosha mgeni ni Howl's Moving Castle (2004), vita inaanza na kuisha hujui waligombea nini.

#7
Tusisahau lugha. Filamu nyingi za Ghibli ziko Netflix tangu 2020, na kwetu zinapatikana. Weka sauti ya Kijapani, halafu upande wa maandishi epuka yale yenye alama ya CC ukiweza. Mara nyingi hayo hunakili sauti ya Kiingereza, kwa hiyo unasoma kimoja na kusikia kingine. Kwenye Kiki tofauti ni kubwa: sauti ya Kiingereza ya Disney ya 1998 ilimwongezea paka wa Kiki maneno ambayo Kijapani hayapo.

Zile za kutafsiriwa na DJ, kama za kibanda umiza, zinanoga kwa filamu za ngumi. Kwa Ghibli DJ anajaza kila ukimya, na ukimya ndio nusu ya filamu.

Kwa faili la kompyuta, tumia programu ya VLC: b inabadilisha sauti, v inabadilisha maandishi. Maandishi yakichelewa bonyeza g, yakiwahi bonyeza h. Yakianza sawa kisha yakazidi kutangulia, hizo hazitasaidia: yalipangwa kwa picha 25 kwa sekunde na video yako ni ya 24. Filamu ya dakika 100 inaisha maandishi yakiwa mbele kama dakika nne. Tafuta mengine. Kwenye TV kwa flashi, jina la faili la maandishi lifanane na la video herufi kwa herufi.

#8
Vijana wape Your Name (2016) ya Makoto Shinkai, dakika 107. Weka simu mbali. Msichana Mitsuha na mvulana Taki wanabadilishana miili, na ukichanganyikiwa angalia nywele za Mitsuha: zikiwa zimesukwa na kufungwa ile kamba nyekundu, ni yeye mwenyewe, zikibanwa tu nyuma harakaharaka, Taki yumo.

A Silent Voice (2016), dakika 130, nayo wataipenda, ila inaanza na kijana anayekusudia kujiua. Mwambie mtu kabla hujamwekea.