Ushuru wa barabara tunalipa kila lita ya mafuta, mbona hatuambiwi lami itakuwa katika hali gani 2035?

Wakenya wenzangu, nimechoka. Kila bajeti tunasomewa mabilioni na kilomita. Hali ya barabara hizo baada ya miaka 10 kwa pesa hizo hizo, kimya!

Tangu 2016 ushuru wa matengenezo ulikuwa shilingi 18 kwa lita. Julai 2024 ukapanda hadi 25. Mwaka uliofuata, shilingi 7 zikawekwa rehani kupata bilioni 175 za kulipa madeni ya makandarasi. Hesabu mwenyewe: matengenezo yakabaki na 18 zile zile za 2016, na lami haiuzwi kwa bei ya 2016. Upungufu huo utazaa mashimo kiasi gani? Tuonyesheni.

Hesabu yake inajulikana. Unapima jinsi barabara inavyotikisa gari kwa kipimo cha IRI, yaani jumla ya mtikisiko wa juu na chini kwa kila kilomita (lami mpya huwa karibu mita 2 kwa kilomita), unahesabu magari, unapima ekseli, unatia vyote kwenye HDM-4, programu ya kompyuta inayokadiria jinsi barabara itakavyochakaa, kisha unaijaribu kwa viwango vitatu vya bajeti. Kila kiwango kinakupa hali ya barabara mwaka baada ya mwaka. Na msisahau malori: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, madhara kwa lami yanazidi kidogo mara mbili, kwani hupanda kwa kipeo cha 4 cha uzito.

Nendeni Industrial Area, Nairobi, baada ya mvua. Mtaro umeziba, maji yanaingia kwenye nyufa, na kila tairi la lori likipita linakamua tope laini kutoka chini. Tope hilo ni tabaka la msingi linaloondoka! Ufa ungezibwa mapema na mtaro kuzibuliwa, kazi ingekuwa ndogo. Wanangoja shimo, wanamwaga kifusi, mvua inakibeba. Kiraka cha haki hukatwa kingo wima hadi penye ugumu, hufagiliwa, hupakwa lami nyepesi chini na kandoni, hujazwa lami ya moto na kushindiliwa. Msingi ukishaoza, hata hicho hakisaidii. Ni kufukua na kujenga upya.

Tunataka jedwali ndani ya bajeti: pesa hizi, asilimia hii ya barabara za Nairobi nzuri, za wastani na mbovu baada ya miaka 5 na 10. Mwaka ukiisha zipimwe tena barabara zile zile, na takwimu zote mbili, za makadirio na za vipimo, zichapishwe sambamba.