Hukumu mkononi, fedha hamna: nianze na akaunti au na magunia?

Mama Mchele, Ruashi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Nimetoka kwa huisie, ofisa wa kukazia hukumu, sasa hivi. TRICOM, mahakama ya biashara, ilishaamua: yule jamaa wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anilipe deni la mchele wa Kyela, na riba na gharama juu. Hakukata rufaa, cheti cha kuthibitisha hilo ninacho. DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, nimelipa; grosi, nakala ya hukumu ya kukazia, imetoka na muhuri wake. Nilidhani kazi imekwisha.

Huisie kanipa karatasi ya gharama: nauli, mashahidi, polisi wa kusindikiza, gari la kubebea mzigo, kila kitu kilipwe kabla hajanyanyuka kitini. Anataka nichague, tukamate akaunti ya benki au tukamate bidhaa za depo. Uwezo wangu ni wa njia moja tu. Depo limejaa, magunia yamepangwa hadi karibu na bati, lakini watu wake wameanza kueneza kwamba mzigo ni wa shemeji. Akaunti najua anayo, aliwahi kunipa hundi ikapita. Nianze wapi?

Baba wa Kampemba

Marahaba mwanangu, pole. Anza na akaunti. Karatasi ya huisie ikishafika benki, fedha zimefungwa papo hapo, na benki inalazimika kutaja salio lililopo siku ileile. Mdaiwa anaarifiwa baadaye, ila msisitize huisie asipitishe siku 8 bila kumwarifu, vinginevyo zoezi zima linakufa.

Bidhaa ni kinyume chake. Huko unaanza kwa kumwonya alipe, na muda wa onyo unamtosha kuhamisha magunia usiku. Hata ukiyakuta, yanaandikwa, anapewa nafasi ya kuuza mwenyewe, ndipo mnada. Mimi niliwahi kufika mpaka mnada kwa deni la matairi. Waliokuja kununua ni rafiki zake. Yaliondoka kwa bei ya kutupa, na gharama zikanirudia mimi.

Dereva wa Tunduma

Baba, kwa heshima, usimtume mama wa watu benki kabla hajatazama jina. Hukumu inataja nani? Mtu au SARL, yaani kampuni? Mimi nilishinda dhidi ya kampuni, tukaenda kwenye akaunti ambayo meneja alikuwa ananilipia siku zote. Benki ikasema akaunti ni ya mtu binafsi, haihusiani na kampuni. Gharama zikateketea. Mama, chukua namba ya RCCM, ya usajili wa biashara, iliyo kwenye hukumu uilinganishe na jina lililo kwenye ile hundi.

Halafu mnazungumzia benki kama tuko Kariakoo. Wauzaji wa Kenya fedha zao zinalala kwenye simu. Sheria ya kukazia hukumu ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ilifanyiwa marekebisho hapa hapa Kongo, Kinshasa, Oktoba 2023, ikaanza kutumika Februari 2024, na sasa inagusa hata fedha za simu. Muulize huisie wako kama ameisoma. Wengi bado wanatembea na ile ya 1998.

Baba wa Kampemba

Nimeisoma, kijana, na suala la jina nalijua. Mwenye depo la Kenya kwa kawaida ana etablisma, biashara ya mtu binafsi, si kampuni, kwa hiyo deni ni lake mwenyewe na akaunti yake inakamatika. Wewe ulidai SARL, ni habari nyingine kabisa.

Na hilo la shemeji lisimtishe. Anayesema mzigo ni wake aende kwa jaji na vielelezo: ankara, karatasi za forodha za Kasumbalesa zenye jina lake. Maneno ya mdomo hayazuii kitu.

Mutoto wa Katuba

Jambo mama, pole sana. Mi niko muzaliwa wa hapa, nilioa kwenu Mbeya. Kama banakwambia upite kwa colonel, kataa. Huisie njo anaomba polisi kwa parquet, ofisi ya mwendesha mashitaka, na karatasi. Ndugu yangu alienda na basoda, askari, ku depo ya mutu, kesho yake bakamushitaki yeye. Deni ilikuwa ya kweli, lakini yeye njo alilala kashoti, mahabusu.

Dada Kasumbalesa

Wenzangu mna bahati, hukumu zenu ni za hapa. Mimi nilishinda Dar. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, tulipiga makofi, lakini Tanzania haimo OHADA na hukumu yangu haitembei huku mpaka mahakama ya Kongo iikubali kwanza. Mzigo unavuka mipaka miwili, hukumu haivuki hata mmoja. Viongozi wakikutana wanazungumza barabara na bandari. Nani anazungumzia sisi tunaokopesha?

Na huo mchele wa Kyela, mama, usinikumbushe. Ule unaopikwa jirani wanajua. Nimechoka na bukari, ugali wa huku, kila siku.

Dereva wa Tunduma

Dada, hilo la Jumuiya lifungulie mada yake. Mama anasubiriwa na huisie.

Mama Mchele, Ruashi

Ahsanteni. Jina kwenye hukumu ni la mtu. Hundi sikumbuki, nitaitafuta. Lakini kama akaunti ni tupu je? Nitakuwa nimelipa bure na magunia ameshayaondoa. Hapo ndipo nilipokwama.

Fundi wa Bel-Air

Samahani nachelewa kuingia. Mama, huyo ni yule mwenye depo linalotazamana na wauza kapenta? Kama ndiye, mimi pia namdai, shauri langu liko TRICOM hiyohiyo na hukumu inakaribia. Nakwambia wazi kwa sababu ni haki ujue: kwenye akaunti, wa kwanza kufika ndiye anayechukua, anayefuata anapata kilichobaki. Kwenye mnada wa bidhaa wadai wengine wanaweza kuingia tukagawana. Na nasikia kuna Mzambia wa unga naye yuko mbele yetu sote. Nipigie leo, kabla hujamjibu huisie.