MJADALA: Je, hospitali zetu za umma zitengewe fedha za kulea bunifu changa za wahudumu wake?

Mleta mada (Kampala)

Ndugu wachangiaji, ninaleta hoja moja mbele yenu. Je, serikali itenge fungu maalumu ndani ya bajeti za hospitali za rufaa kwa ajili ya kulea bunifu za tiba zinazoanzishwa na madaktari, wauguzi na mafundi wa hospitali hizo hizo? Msimamo wangu ni kwamba itenge, na kwamba fungu hilo lilipie kwanza muda wa wahudumu kabla ya kununua mashine yoyote.

Tutazame Mbale, mashariki mwa Uganda yetu. Hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa ikipokea watoto wengi wenye kichwa maji, na kwa wengi wao chanzo kilikuwa maambukizi waliyopata wakiwa wachanga. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kuwawekea mpira wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mpira huo huweza kuziba siku yoyote, na mama anayeishi kijijini, mbali na daktari wa upasuaji wa ubongo, huenda asiwahi kumfikisha mtoto. Daktari Benjamin Warf, akifanya kazi hapo hapo Mbale, aliunganisha hatua mbili: kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo kwa kutumia kamera nyembamba, na kuunguza tishu zinazoyatengeneza maji hayo. Watoto wengi wakaweza kuishi bila mpira. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 100 lililofanyika Mbale, nalo halikuona tofauti ya maana katika ukuaji wa akili, baada ya mwaka mmoja, kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na waliowekewa mpira. Njia iliyozaliwa Mbale sasa inatumika hata Marekani.

Ninachokisisitiza hapa ni mahali swali lilipotoka. Aliye mbali na wodi angejiuliza namna ya kutengeneza mpira bora zaidi. Aliyekuwa wodini aliona kwamba tatizo ni mtoto asiyeweza kurudi hospitali. Ndivyo ilivyokuwa pia Dhaka, Bangladesh, ambako Daktari Sayeba Akhter alifunga kondomu kwenye mpira wa mkojo, akaijaza maji ya chumvi ndani ya mfuko wa uzazi, na kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Vifaa vyote hivyo vilikuwa tayari hospitalini.

Kwetu fedha za ubunifu zipo, lakini milango yake iko kwingine. Chuo Kikuu cha Makerere kina mfuko wa utafiti na ubunifu unaogharamiwa na serikali tangu 2019. Yapo pia mashindano ya kimataifa: Brian Gitta alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2018, pauni 25,000, kwa kifaa kiitwacho Matibabu, cha kupima malaria bila kutoa damu. Ninawapongeza wote kwa dhati. Hata hivyo, muuguzi wa zamu ya usiku huko Soroti, anayejua hasa kwa nini dripu za watoto zinakwenda kasi kupita kiasi, hana cheo cha mtafiti wala muda wa kuandika maombi. Akithubutu, atakutana na kamati ya maadili ya utafiti, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Akivuka yote hayo, hospitali yake yenyewe itashindwa kukinunua kifaa chake kwa urahisi, kwa kuwa tangu mwaka wa fedha 2009/10 fedha za dawa na vifaa vya hospitali za umma zimekuwa zikipitia Bohari ya Taifa ya Dawa.

Muuguzi (Gulu)

Ninamheshimu mleta mada, lakini ninapinga. Wajawazito wetu bado wanaulizwa kama wamekuja na Mama Kit yao (furushi la vifaa vya kujifungulia), na glavu zikiisha tunawaomba ndugu wa mgonjwa wakanunue nje. Viongozi wetu waliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya, na hatujafika hapo. Kabla ya kulipia wazo ambalo huenda lisizae chochote, lipieni kile ambacho tayari tunajua kinaokoa maisha. Tena mnasema mtalipia muda wa wahudumu: muda upi, iwapo usiku niko peke yangu na wodi nzima? Vilevile, Mbale mnayoitaja ni hospitali ya wamisionari yenye wafadhili wake. Msiilinganishe na hospitali ya serikali.

Mjumbe wa kamati ya maadili (Kampala)

Nina hofu nyingine. Hospitali inayotamani sifa ya ubunifu inaweza kusahau kwamba mgonjwa hakuja kuwa chombo cha majaribio. Utafiti wa dawa ya nevirapine uliofanyika katika hospitali ya Mulago, hapa Kampala, ulionyesha mwaka 1999 kwamba dawa nafuu inaweza kupunguza karibu kwa nusu maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, lakini baadaye ulihojiwa vikali kuhusu utunzaji wa kumbukumbu, hadi jopo la wataalamu wa Marekani lilipothibitisha mwaka 2005 kwamba matokeo yake yanaaminika. Ikiwa utafiti mkubwa wenye fedha uliyumba kwenye makaratasi, itakuwaje kwa majaribio ya karakana ndogo ya hospitali?

Fundi wa vifaa tiba (Mbarara)

Mimi ninaunga mkono. Hapa Mbarara daktari wa watoto, Data Santorino, alishirikiana na wahandisi wa Marekani kutengeneza kifaa kinachowekwa kwenye mfuko wa kumpulizia hewa mtoto mchanga, ili mhudumu ajue papo hapo kama hewa inavuja au anapuliza vibaya. Wazo kama hilo humjia mtu aliyewahi kuushika mfuko huo. Nina swali moja tu kwa mleta mada: fundi akibuni kitu akiwa kazini, hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu huo, ni ya nani?

Mleta mada (Kampala)

Sista wa Gulu amegusa penye uzito, na ninakubaliana naye kwamba fungu hili lisichukue hata shilingi moja ya glavu. Ndiyo maana ninataka lilipie mhudumu wa kuishika zamu ya mbunifu, vinginevyo wazo la mmoja litakuwa mzigo wa wenzake. Kuhusu Mbale, ufadhili wake ndio unaonitia uchungu: wahudumu wa serikali wanaona matatizo yale yale kila siku, na hakuna anayewapa nafasi ya kuyatafutia dawa.

Kwa mjumbe wa kamati: fedha za kwanza zilipe mtunza kumbukumbu na mtu wa kuandaa maombi ya vibali, na kifaa kisimguse mgonjwa kabla ya hapo. Kwa fundi wetu: makubaliano yaandikwe kabla ya kazi kuanza, mbunifu abaki na hisa katika hataza, na hospitali zote za umma zipate haki ya kukitumia kifaa bila malipo ya ziada.

Ningependa mpango uanze katika hospitali mbili tu za rufaa za serikali, ya Mbarara na ya Mbale (si ile ya CURE), kila moja ikiruhusiwa kununua shehena ndogo ya majaribio ya kifaa chake yenyewe. Baada ya miaka mitatu Bunge lipewe hesabu: ni wazo lipi limemfikia mgonjwa, lipi limesimamishwa, na kwa sababu gani. Ikiwa hakuna lililofika, nitasimama upande wa sista, fedha ziende kwenye wodi yake.