Walimu wa Goma, kutoa si kosa! Acheni kuwapa watoto zero

Walimu wenzangu, sasa inatosha. Mtoto wa darasa la 6 akitafuta eneo la umbo lililomegwa, akatoa kipande kilichomegwa badala ya kujumlisha vipande vilivyobaki, anapewa zero, eti "hakufuata njia ya ubaoni".

Chukueni umbo la L, kama kiwanja cha mtaa wetu wa Ndosho kilichomegwa kona: chini m 20, kushoto m 15, kona iliyomegwa juu kulia upana m 8, kimo m 5 (hivyo juu inabaki 20 − 8 = 12, kulia 15 − 5 = 10). Anayetoa anaandika 20 × 15 = 300, kisha 300 − 40 = m² 260. Anayekata kwa mstari wa kulala: 20 × 10 + 12 × 5 = 260. Wa kusimama: 12 × 15 + 8 × 10 = 260. Zero inatoka wapi?

Kosa la kweli ni 20 × 10 + 12 × 15 = 380, na hilo wengi wetu tunalipita bila kulieleza. Hapo mstatili wa 12 × 10 umehesabiwa mara mbili. Ondoa 120, unarudi 260. Mtoto ameokota namba kwenye mchoro kabla ya kuchora mstari wa kukatia. Achore kwanza kwa penseli, vipande aviite A na B, kila kimoja akiandikie urefu na upana wake.

Na hizo fotokopi za mazoezi mnazowauzia wazazi! L inahitaji vipimo 4. Nyingine zina 3 tu, jibu halipatikani hata usiku kucha.

Jibu, kutoka Bukavu: Kweli kabisa, mwalimu. Ongeza na nusu duara. Mstatili wa m 6 kwa m 4, nusu duara imekaa juu ya upande wa 6: kipenyo ni 6, nusu kipenyo ni 3. 3,14 × 3 × 3 ÷ 2 = 14,13; pamoja na 24 ni m² 38,13. Anayeweka 6 badala ya 3 anapata 56,52 kwa nusu duara peke yake, mara 4 ya haki yake. Wakiulizwa mzunguko, wanahesabu hata mstari wa katikati, unaotenga mstatili na nusu duara, na ule uko ndani! Upinde ni 3,14 × 6 ÷ 2 = 9,42, basi mzunguko ni 4 + 6 + 4 + 9,42 = m 23,42.

Mfungua uzi: Hata huyo aliyeweka 6 badala ya 3, kama amekata vizuri, hastahili zero. Zoezi la pointi 5: 2 za kukata na vipimo, 2 za fomula, 1 ya jibu lenye m². Apoteze ya fomula na ya jibu, zile 2 za kukata mwachieni.