Kamisheni ya asilimia 30 kwa duka la hoteli: bei niipangeje?

Muuza Kahawa, Moshi:
Wadau, habari za kazi. Duka la hoteli moja jijini Arusha limekubali kuniuzia kahawa yangu ya kukaanga kwa sharti la kukata asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Pakiti ya nusu kilo inanigharimu Sh 14,000 pamoja na mfuko na nauli. Je, nikiongeza asilimia 30 ikauzwa Sh 18,200, gharama yangu itarudi?

Fundi wa Hesabu:
Haitarudi, ndugu, kwa sababu wao wanakata kwenye 18,200 na si kwenye 14,000, hivyo utapokea Sh 12,740 na kupata hasara ya Sh 1,260 kwa kila pakiti. Gawanya gharama kwa 0.7, yaani asilimia 70 inayobaki kwako, upate 20,000. Hapo ndipo unarudisha mtaji tu, faida bado.

Mama Duka, Arusha:
Kama ni mali kauli, yaani unalipwa baada ya mzigo kuuzwa, andikianeni pia tarehe ya malipo na nani atabeba hasara ya pakiti zitakazopitwa na muda. Hilo la pili wenye maduka hupenda kulinyamazia.

Muuza Kahawa, Moshi:
Ahsanteni sana. Nitapendekeza Sh 24,000, ambayo baada ya makato inaniachia faida ya Sh 2,800.