Texas: nalipia krediti 3 za Kiingereza, kwenye digrii ni SIFURI!

Wakuu, nivumilieni, leo nina hasira.

Mnalijua lile tangazo la "2+2". Miaka miwili chuo cha jamii (community college) kwa ada nafuu, unahamia chuo kikuu, miaka miwili tena, digrii hii hapa. Wakala wa Dar alituimbia hivyo mimi na mzee mpaka tukakariri. ESL, yaani madarasa ya Kiingereza kwa wageni, hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Nimefika, nikafanyishwa mtihani wa kupangiwa madarasa, nikatupwa ESL. Mimi niliyesoma Form One hadi Form Six kwa Kiingereza, ukitoa somo la Kiswahili! Haya, insha za kitaaluma za kwao zina taratibu zake, hilo sibishi. Ugomvi wangu ni malipo.

Vyuo vya jamii vya Texas vina mfumo mmoja wa namba za kozi. Tarakimu ya kwanza ni ngazi, ya pili ni krediti. ENGL 1301, kile Kiingereza cha mwaka wa kwanza ambacho vyuo vikuu vya umma huku vinakipokea, ni ngazi ya 1, krediti 3. Za kwangu za ESL zinaanza na 03. Yaani tatu kwenye bili, sifuri kwenye digrii. Wameiandika waziwazi kwenye jina la kozi na bado hakuna aliyeniambia!

Na bili yenyewe si ya mchezo. Wakazi wa eneo la chuo wana bei yao ya chini, Watexas wengine wanaongeza kidogo, sisi wa F-1, viza ya wanafunzi, tuko kwenye lile kundi la juu kabisa. Kusema nichukue kozi moja moja mfuko upumue haiwezekani, viza inataka krediti 12 kwa muhula. Kibarua cha nje ya chuo mwaka wa kwanza ni marufuku. Ndani ya chuo mwisho saa 20 kwa wiki, tena ukibahatika. Mzee keshauza kiwanja.

Nikamfuata mshauri wa wanafunzi. Anatabasamu, eti "ni msingi mzuri kwako". Msingi gani na kozi nyingi zinazohesabika nimefungiwa mpaka nimalize ESL?

California walau walipitisha sheria mwaka 2017, AB 705, inayovibana vyuo vya jamii visimzungushe mwanafunzi kwenye kozi za maandalizi. Mimi naambiwa nivumilie.

Walimu siwagusi, mwalimu wangu wa uandishi yuko vizuri sana. Nawasema wanaouza "2+2" huku wanajua kwa watu kama sisi ni tatu na ushee, jumlisha mbili. Na mnaokuja kucheka Kiingereza cha Wabongo, anzeni na hiyo hesabu.

Aliyeko Houston au Dallas aliyewahi kurudia ule mtihani akarukishwa hadi 1301, uliwabana vipi? Na wewe uliye Bongo na I-20 mkononi (ile fomu ya chuo ya kuombea viza), kabla hujatuma hela, waandikie uwaulize kozi zako za muhula wa kwanza zinaanza na namba gani. Wakizungusha maneno, lete jibu lao hapa tulisome wote.